Kitosani, makumbi au aljineti: kipi kitanasa rangi ya nguo kwenye maji yako

Kabla ya kuuliza ni kipi kinanasa rangi nyingi zaidi, uliza rangi yako ina chaji gani. Kitosani ya bei ghali, itokanayo na maganda ya kamba na kaa, ikitiwa kwenye maji ya rangi isiyo yake hukaa chini ya pipa kama mchanga, na makumbi ya bure huyasafisha maji hayohayo kwa saa moja. Kinyume chake hutokea mara nyingi zaidi, kwa sababu rangi zinazotawala kwenye pamba ni zile ambazo makumbi hayazitaki kabisa.

Biopolima (vitu vya molekuli ndefu vitokanavyo na viumbe hai) zote zinazolinganishwa hapa zinafanya kazi kwa njia moja. Molekuli za rangi zinanata juu ya uso wa kitu kigumu na ndani ya vitundu vyake, maji yanapita. Kinachozivuta hasa ni chaji chanya na hasi. Kitosani, ikiwa kwenye maji yenye asidi kidogo, ina chaji chanya. Makumbi, mabaki ya mkonge, maranda ya mbao, aljineti (inayotoka kwenye mwani wa kahawia) na mwani vina chaji hasi.

Upande wa rangi mambo yako hivi. Rangi za riaktivu, dairekti na asidi zina chaji hasi, kwa hiyo zinakwenda kwa kitosani. Rangi za besiki, kama majenta, methilini bluu na malakaiti ya kijani, zina chaji chanya, nazo zinakwenda kwa makumbi na aljineti. Rangi za dispersi, zile za poliesta, haziyeyuki sawasawa. Hizo ni kazi ya kugandisha na kutuliza, si ya kunasa.

Rangi za vati, zikiwemo indigo na nyingi za batiki, zina habari yake. Ndani ya beseni zimeyeyuka kwa sababu ya kostiki (sodiamu haidroksaidi) na haidrosalfaiti (dawa inayoondoa oksijeni) tu. Zikipata hewa hurudi katika hali yake ya asili, zinakuwa chembe na kuzama. Yamimine maji hayo kwenye chombo kipana, yakoroge kila baada ya dakika kumi kwa saa moja au mbili, kisha yaache usiku kucha. Asubuhi utakuta tope la rangi chini na maji yaliyopungua rangi juu. Usitie asidi kabla hewa haijamaliza haidrosalfaiti: asidi ikikutana nayo hutoa gesi ya salfa dayoksidi, inayokaba koo na kuchoma macho, na kwenye kibanda chenye dirisha moja hiyo ni hatari kweli. Mtu wa batiki ya vati hana sababu ya kununua kitosani mpaka amefanya hatua hii na kuona kilichobaki.

Kama hujui rangi yako ni ya aina gani

Kopo lisilo na maandishi ni jambo la kawaida sokoni. Chukua glasi mbili za robo lita za maji ya rangi, yapunguze makali kwa maji safi mpaka uweze kuona kidole chako upande wa pili, na uyashushe kwa siki mpaka karatasi ya pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ionyeshe 6. Yeyusha gramu 1 ya kitosani katika mililita 100 za siki iliyopunguzwa (sehemu 1 ya siki ya asilimia 5 kwa sehemu 4 za maji). Itachukua usiku mzima. Tia kijiko cha chai cha mchanganyiko huo kwenye glasi ya kwanza, ukikoroga. Kama rangi ina chaji hasi, dakika chache baadaye utaona vipande laini vikijikusanya kama maziwa yanayoganda, na maji katikati yao yanaanza kung'aa. Usiongeze dozi kwa tamaa. Kitosani ikizidi, vipande vyenyewe vinapata chaji chanya, vinasukumana na kutawanyika tena, na maji yanakuwa na ukungu usiotulia.

Glasi ya pili itie konzi ndogo ya vumbi la makumbi lililooshwa, koroga kwa nusu saa. Maji yakififia huku vumbi likigeuka zambarau au kijani, una rangi ya besiki. Dalili nyingine ya rangi hizi ni namna zinavyoshika ukindu kwenye sufuria ya maji yanayochemka bila chumvi wala magadi. Lignini, kile kinachoukaza mmea, iliyomo kwenye ukindu ndiyo inayozishika, na makumbi yana lignini tele.

Kitosani

Hii ndiyo yenye nguvu kwa rangi za pamba, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi.

Chimbuko lake ni kitini, iliyomo kwenye maganda ya kamba wa baharini na kaa. Maganda makavu yana kitini, protini na kalisi kaboneti. Kalisi huondolewa kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 4 hivi, mpaka mapovu yaishe; protini huondolewa kwa kostiki ya asilimia 4 yenye moto wa nyuzi 60 hadi 80. Kinachobaki ni kitini. Kuigeuza kuwa kitosani kunataka kostiki kali ya asilimia 40 hadi 50, karibu na nyuzi 100, kwa saa kadhaa. Hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba maganda ni ya bure. Kilo 1 ya kitini inataka lita 10 hivi za kostiki hiyo, yaani kilo 6 hadi 7.5 hivi za kostiki kavu. Inaweza kutumika tena mara kadhaa, lakini mwishowe una ndoo ya kitu kinachoyeyusha ngozi, kinachohitaji kutulizwa na kutupwa. Kwa karakana ya nguo, ushauri wetu ni huu: nunua kitosani iliyotengenezwa, usiipike. Kupika ni kazi ya mtu mwenye vyombo vya chuma cha pua, miwani, glavu ndefu na mahali pa kupeleka kostiki iliyochoka.

Unaponunua, uliza mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha kuondolewa asetili. Kiwe asilimia 80 au zaidi, kwa sababu vikundi vya amini (sehemu za molekuli zenye nitrojeni) vinavyonasa rangi hutokana na hatua hiyo. Kipimo cha nyumbani ni kilekile cha siki: gramu 1 ikilala usiku kwenye mililita 100 za siki iliyopunguzwa halafu ikabakiza vipande vyeupe vingi, umeuziwa kitini iliyopikwa nusu. La pili ni ukubwa wa punje. Unga laini unanasa haraka lakini unavimba, unaziba mchujo na hautulii chini. Vipande vya milimita 1 hadi 2 vinatulia vizuri, ila rangi inachukua saa nyingi kupenya mpaka ndani. Siku nzima si ajabu. Uzito wa molekuli, ambao wauzaji hupenda kuutaja na kuupandishia bei, hauna maana kubwa kwa kazi hii.

Sasa pH. Amini za kitosani zinapata chaji chanya pH ikishuka chini ya 6.5 hivi. Juu ya hapo nguvu inapungua, na kwenye pH 10 inanasa kidogo sana. Lakini ikishuka sana ndani ya siki au asidi ya haidrokloriki, kitosani yenyewe inayeyuka na kuondoka na maji. Njia ya kutoka hapo ni kushusha pH kwa asidi ya salfuriki badala ya siki. Salfeti inazifunga nyuzi za kitosani pamoja, hivyo haiyeyuki kirahisi. Lenga pH 5.5 hadi 6. Kuna kitosani iliyofungwa kwa kemikali kama glutaraldehaidi, inayovumilia asidi na kutumika mara nyingi. Ni ghali zaidi, na glutaraldehaidi ni sumu kwa anayeishika, kwa hiyo si kitu cha kuchanganya nyuma ya duka.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo uamuzi ulipo. Kilo 1 ya pamba ikipakwa rangi ya riaktivu kwa kivuli cha asilimia 3 (uzito wa rangi kwa uzito wa nguo) inatumia gramu 30 za rangi. Rangi hizi hushika kati ya asilimia 60 na 90, tuseme 70. Gramu 9 zinaondoka na maji. Pipa la lita 200 la maji ya suuza lenye miligramu 100 kwa lita lina gramu 20 za rangi. Kitosani ya vipande ikinasa miligramu 100 kwa gramu, unahitaji gramu 200. Hilo linabebeka.

Lakini maji ya beseni lenyewe la rangi, kabla ya suuza, ni mzigo mwingine. Yana magadi soda, tuseme gramu 15 kwa lita, na chumvi gramu 30 hadi 80 kwa lita. Kuyatuliza magadi hayo kabisa kunataka karibu gramu 14 za asidi ya salfuriki kwa kila lita, yaani karibu kilo 2.8 kwa pipa la lita 200, huku kaboni dayoksidi ikifoka na kumwaga povu sakafuni. (Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, maji yakimiminwa kwenye asidi inaruka usoni.) Baada ya yote hayo, kama chumvi iliyotumika ni ile ya salfeti, salfeti inagombania nafasi zilezile na rangi. Gharama inahama kutoka kwenye kitosani kwenda kwenye asidi. Kwa hiyo kusanya maji ya suuza peke yake, yale yasiyo na magadi mengi, na uanze nayo. Beseni la rangi changanya kidogo kidogo ndani ya suuza, kadiri pH itakavyoruhusu.

Makala za maabara hutaja kitosani iliyonasa zaidi ya gramu 1 ya rangi kwa kila gramu yake. Hiyo ni kwa maji safi yaliyotiwa rangi moja, pH 3 au 4, rangi ikiwa nzito mno. Usipange pipa lako kwa namba hiyo.

Makumbi, mkonge na maranda

Kwa rangi za besiki hakuna sababu ya kutafuta kitu kingine kwanza. Lignini na vikundi vya kaboksili kwenye makumbi hunasa rangi chanya vizuri kwenye pH 6 hadi 8, yaani maji kama yalivyo, bila asidi. Vumbi la makumbi, lile linalobaki baada ya usumba kutolewa, linashinda nyuzi ndefu kwa sababu lina uso mwingi zaidi.

Kosa la kwanza ni kulitumia likiwa ghafi. Hutoa rangi yake ya kahawia, na mtu anadhani rangi ya nguo imegoma kutoka. Lioshe kwa maji ya moto mara tatu au nne mpaka maji yawe ya chai nyepesi, kisha lichekeche uondoe nyuzi. Ikibidi, loweka saa moja kwenye kostiki ya asilimia 1 halafu suuza mpaka pH irudi 7 au 8. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwenye maji ya bahari ili yaoze, kama wafanyavyo akina mama wa Unguja wanaosokota kamba za usumba, yana chumvi; hayo yanahitaji suuza zaidi, kwa kuwa sodiamu inazikalia nafasi za rangi.

Kosa la pili ni kuyarundika makavu kwenye ndoo na kumimina maji juu. Maji yanatafuta njia rahisi pembeni, yanashuka na rangi yake, na katikati makumbi yanabaki makavu. Loweka kwanza usiku mzima, weka kokoto chini na kitambaa cha poliesta, kisha ingiza maji kutoka chini kwenda juu. Saa moja ya kukutana inatosha kwa kazi nyingi. Kadiria miligramu 20 hadi 60 kwa gramu kavu. Pipa letu la gramu 20 za rangi, safari hii ya besiki, litahitaji kati ya gramu 330 na kilo 1.

Mkonge una sababu nzuri ya kufikiriwa na aliye Tanga au Morogoro: nyuzi ni sehemu ndogo tu ya jani, nyingine yote ni mabaki. Lakini mabaki mabichi yana utomvu mwingi unaooza na kunuka. Yaoshe na kuyakausha juani kabla ya siku ya pili, la sivyo utaondoa rangi na kuweka uchafu mwingine badala yake. Maranda ya mbao hufanya kazi, ila epuka mbao zenye tanini nyingi na zile zilizotiwa dawa ya mchwa.

Kwa rangi za riaktivu, haya yote yanashindwa. Selulosi ya makumbi inaweza kubadilishwa kwa kemikali iwe na chaji chanya, na matokeo ni mazuri, lakini hapo umeacha urahisi uliokufanya uyachague.

Aljineti, na mwani wa Zanzibar

Tuondoe kosa moja. Mwani unaolimwa Paje, Jambiani na Pemba, wa spinosamu na kotonii, hautoi aljineti. Unatoa karajinani. Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia kama sagasamu, unaojiotea wenyewe kwenye miamba ya pwani yetu. Vyote viwili vina chaji hasi na vinanasa rangi za besiki, lakini jeli ya karajinani inayeyuka kwenye maji ya moto, na maji ya kupakia rangi mara nyingi ni ya moto.

Punje za aljineti zinatengenezwa kirahisi. Gramu 20 za aljineti ya sodiamu katika lita 1 ya maji, ikorogwe taratibu saa kadhaa, iachwe povu liishe, kisha idondoshwe kwa sindano isiyo na ncha kwenye maji ya kalisi kloraidi ya asilimia 2. Kila tone linageuka punje ya mviringo papo hapo. Ziache saa chache zikaze. Hakuna moto, hakuna kostiki, na mwanafunzi anaweza kufanya bila kuumia. Kwa kufundishia, hii ndiyo tunayoipendekeza.

Kwa pipa la kazi, soma namba vizuri. Miligramu 200 au 300 kwa gramu zinazotajwa ni kwa uzito mkavu. Kilo 1 ya punje mbichi ina gramu 20 hadi 30 tu za aljineti. Zilizobaki ni maji. Na ugonjwa wake ni magadi, sabuni zenye fosfeti na chumvi nyingi: vyote vinaiondoa kalisi inayoshikilia punje. Zinavimba, zinalainika, na kesho yake una uji.

Wapaka rangi wanaochapa nguo kwa riaktivu wanaijua aljineti kwa kazi tofauti: ndiyo wanayotumia kuifanya rangi iwe nzito. Waliichagua kwa sababu haishikani na rangi ya riaktivu. Ukilijua hilo, hutapoteza wiki ukijaribu kunasa riaktivu kwa aljineti tupu.

Mlonge, wanga na mkaa

Mbegu za mlonge zina protini zenye chaji chanya, nazo hugandisha rangi hasi. Tumia mashudu yaliyokwisha kamuliwa mafuta, yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi na kuchujwa. Tatizo ni protini inayobaki: maji yakikaa siku mbili yananuka. Wanga ghafi hauna nguvu. Unavimba na kuoza.

Mkaa amilifu, yaani uliotengenezwa makusudi uwe na vitundu vingi, ndio mpinzani wa kweli. Hauchagui sana chaji, hauozi, na una uso wa mita za mraba 500 hadi 1500 kwa gramu, wakati vipande vya kitosani mara nyingi havifiki 10. Hata hivyo mkaa wa vifuu vya nazi, unaopatikana kirahisi, una vitundu vidogo mno, na molekuli kubwa za riaktivu haziingii. Kama unanunua mkaa kwa ajili ya rangi, tafuta uliotokana na mbao. Mkaa wa jikoni si amilifu. Hutia majivu na kupandisha pH.

| | Inanasa | pH | mg kwa g kavu, za kuanzia jaribio | Muda |
|---|---|---|---|---|
| Kitosani, vipande | riaktivu, dairekti, asidi | 5.5–6 | 50–200 | saa 4–24 |
| Vumbi la makumbi | besiki | 6–8 | 20–60 | saa 1 |
| Punje za aljineti | besiki | 5–8 | 100–300 | saa 3–8 |

Jaribio kabla ya kununua gunia

Chupa sita za nusu lita, maji yako halisi, pH imerekebishwa. Dozi 0, 0.25, 0.5, 1, 2 na 4 za gramu kwa lita. Tikisa kila robo saa kwa saa mbili, ziache usiku, mimina maji ya juu. Pembeni andaa vipimo vya rangi: maji yako ghafi yaliyopunguzwa mara 2, 4, 8, 16 na 32. Panga chupa mbele ya karatasi nyeupe, mchana, na ulinganishe. Dozi inayofikia mara 16 imeondoa kama asilimia 94 ya rangi. Usichuje kwa karatasi wala pamba: selulosi yake hunywa rangi za dairekti, na utaisifu kitosani kwa kazi iliyofanywa na karatasi. Chupa ya dozi 0 ndiyo itakayokuumbua, kwa hiyo usiiache.

Kilichonaswa kiende wapi

Kitosani iliyojaa huachia rangi kwenye kostiki ya pH 11 hivi. Makumbi na aljineti kwenye asidi nyepesi. Unapata ndoo ndogo ya rangi nzito badala ya pipa. Kitosani unaweza kuirudia hivyo mara chache, kwa makumbi haifai hata mara moja.

Mabaki yakaushe kwenye turubai, si juu ya udongo, na yapelekwe dampo lenye tandiko la chini. Usiyatie kwenye shimo la choo wala mboji. Rangi nyingi za nguo ni za azo (molekuli zenye kifungo cha nitrojeni mbili), na mahali pasipo hewa bakteria huzivunja kuwa amini za aromatiki, ambazo baadhi husababisha saratani. Usiyachome jikoni pia: rangi za bluu ya feruzi mara nyingi zina shaba, na shaba haiteketei, inabaki kwenye majivu.

Na maji yenyewe, hata yakitoka meupe kabisa, bado yana chumvi yote iliyotiwa kwenye beseni. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoiondoa. Dondosha tone kwenye kioo, liache likauke juani; likiacha duara zito jeupe, usiumwagilie mchicha maji hayo.